Kwelea Mashambani: Mkulima Anaruhusiwa Kufanya Nini?

Mpunga unapoanza kutunga punje huko Ahero na Kano Magharibi, wakulima huanza kutazama angani. Kwelea ni ndege mdogo wa gramu 20 hivi, lakini anaweza kula hadi gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni 2 likitua, tani 20 zinaweza kuisha kwa siku moja. Mwanzoni mwa 2023, baada ya ukame kupunguza mbegu za nyasi za porini wanazozitegemea, ndege hao waliharibu takriban ekari 300 za mpunga katika Kaunti ya Kisumu, huku ekari 2,000 zikiwa hatarini.

Kwa hasara kama hiyo, si ajabu mkulima kufikiria kutega sumu. Kabla hajafika huko, ni muhimu aelewe sheria inasema nini.

Nani anahusika?

Katiba imegawanya kazi hii. Jedwali la Nne limezipa kaunti jukumu la kilimo cha mimea, nayo Serikali ya Kitaifa ikabaki na ulinzi wa wanyamapori. Kwelea anagusa pande zote mbili: anaharibu mimea, lakini kisheria ndege wa porini ni mnyamapori. Ndiyo maana unyunyiziaji wa dawa hufanywa na wataalamu wa serikali kwa ushirikiano wa kaunti na Wizara ya Kilimo, wakati mwingine kwa ndege za shirika la kanda la kudhibiti nzige wa jangwani, DLCO.

Kinachoruhusiwa

Mkulima yuko huru kuwinga ndege. Anaweza kupiga debe, kutumia kombeo, kusimamisha vinyago, kufunga riboni zinazong'aa na kuajiri watu wa kuamia shamba. Kwelea hula zaidi asubuhi na jioni, kwa hivyo nguvu za waamiaji zielekezwe saa hizo. Kipindi kigumu zaidi ni punje ikiwa bado na maziwa. Majirani wakipanda kwa wakati mmoja, mzigo hugawanyika. Shamba lililochelewa peke yake ndilo hubeba kundi zima.

Kinachokatazwa

Hairuhusiwi kuwaua ndege kwa sumu, iwe ni kwa kuipaka kwenye nafaka, kuimwaga majini au kuinyunyiza usiku mahali wanapolala. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inadhibiti uuaji wa wanyamapori bila idhini. Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346, nayo inataka kila dawa iwe imesajiliwa na itumike kama lebo inavyoelekeza. Dawa ya wadudu wa mboga haigeuki kuwa dawa ya ndege kwa sababu mkulima ana shida.

Sumu haichagui. Katika skimu ya mpunga ya Bunyala, Kaunti ya Busia, watu walitumia karbofurani kuua ndege wa majini na kuwauza kama kitoweo. Waliokufa si waharibifu wa mpunga pekee. Korongo wanaokula konokono pia waliangamia, na sumu ikaingia jikoni mwa watu.

Hata dawa ya serikali ina masharti. Fenthioni, inayotumiwa dhidi ya kwelea, hunyunyizwa jioni ndege wakirudi kulala kwenye matete au miiba, si juu ya mpunga. Inaweza kumdhuru mtu kwa kuingia kupitia ngozi au pumzi, na huua pia kipanga na bundi wanaokula ndege waliokufa. Mwezi wa Mei 2025, mataifa ya Mkataba wa Rotterdam yaliweka michanganyiko yake mikali kwenye orodha ya kemikali ambazo haziuzwi nje kabla nchi inayozipokea kuarifiwa na kutoa uamuzi wake.

Eneo likinyunyiziwa, wakaazi wakae mbali, wafunge mifugo na kuzuia watoto. Ndege waliokufa wasiokotwe wala kuliwa.

Je, kuna fidia?

Sheria ya 2013 imeorodhesha wanyama ambao hasara yao hulipwa, wakiwemo ndovu, nyati na kiboko. Kwelea hayumo. Mkulima anayenunua bima ya mazao aulize kabla ya kulipa kama hasara ya ndege imo ndani. Kwa wengi, kinga iliyopo ni kuripoti mapema.

Ripoti inayosaidia

Kumwambia afisa wa kilimo wa wadi kwamba "ndege wamekuja" hakutoshi. Kikosi huhitaji kujua ndege wanalala wapi, maana huko ndiko wanakodhibitiwa. Mkulima, au chifu kwa niaba ya kijiji, aeleze:

• Mahali ndege wanapolala, na aina ya mimea iliyopo.
• Ukubwa wa kundi na siku lilipoonekana mara ya kwanza.
• Hatua ambayo mpunga, mtama au wimbi umefikia.
• Nyumba, visima, mito na malisho yaliyo karibu.

Njia rahisi ya kupata maficho ni kufuatilia makundi yanakoelekea jua likitua. Kwelea wakianza kujenga viota, taarifa itolewe siku hiyo hiyo: mayai huanguliwa kwa muda wa siku 10 hivi, na baada ya wiki chache vifaranga nao watakuwa mashambani.