MGONGO ULIOUMIA KAZINI: NIDAI AU NINYAMAZE?

Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya mgongo. Hatutasema juu ya dawa peke yake. Tutajifunza pia haki ya mtu aliyeumia mgongo akiwa kazini, na namna ya kuamua kama adai fidia au la.

Huku kwetu Masasi na Newala ugonjwa huu si mgeni. Tunalima kwa jembe la mkono. Tunapalilia na kuokota korosho tukiwa tumeinama. Akina mama hubeba ndoo za maji kichwani. Msimu wa korosho ukifika, wanaume hushinda ghalani wakibeba magunia. Lakini wengi wetu mgongo ukiuma husema, "Ndiyo uzee," kisha tunanyamaza.

Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili na ninyi mjifunze.

KOSA LANGU

Mwezi wa Novemba mwaka jana alikuja mtu mmoja wa makamo, mbeba mizigo katika ghala la korosho. Kwa kuwa ni ndugu wa mama yangu kwa ukoo, nilimwamkia, "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Kiuno kimenikamata."

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na watoto wenye homa walikuwa wengi. Nilimpa dawa ya maumivu. Katika daftari lake niliandika maneno matatu tu: maumivu ya mgongo. Sikumwuliza ameumia wapi, wala ameumia vipi.

Mwezi wa Agosti mwaka huu alirudi, akitembea kwa kuegemea fimbo. Maumivu yalikuwa yanashuka kutoka kiunoni mpaka kwenye ndama ya mguu wa kushoto. Ndipo aliponieleza. Alikuwa akipandisha gunia kwenye lori, ubao ukateleza, akaanguka na gunia likamwangukia. Wenzake wawili waliona.

"Wananiambia nidai fidia," alisema. "Lakini nikidai, msimu ujao hawataniita kazini. Tena watu wataniita kilema. Wewe wasemaje, mpwa wangu?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilikwenda kuuliza na kusoma. Haya ndiyo niliyojifunza.

MGONGO UNA NINI?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Shingoni zipo 7, kifuani 12 na kiunoni 5. Kati ya pingili na pingili kuna kipande laini kama mto, kinachozuia mifupa isigongane. Mtu akibeba mzigo mzito huku ameinama na kujipinda, mto huo unaweza kutokeza nje na kubana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Ndiyo maana mgongo huumia lakini mguu ndio unaowaka moto.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo anaobeba mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55. Gunia la korosho lililojaa huzidi kilo hizo.

Maumivu yakipita majuma 12 huitwa maumivu sugu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Basi usione haya. Huko peke yako.

DALILI ZA HATARI

Kabla ya kufikiri juu ya fidia, fikiri juu ya maisha. Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya:

1. Mkojo umeziba au unatoka wenyewe, au huwezi kuzuia choo.
2. Ganzi katikati ya mapaja, au miguu inalegea.
3. Homa, jasho la usiku, kukonda au kikohozi cha majuma mawili. Huenda ni kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, nacho kinatibika.
4. Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka kutoka juu ya mti au kwenye gari.

Sisi wa zahanati tutakuandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Usiiweke barua hiyo chini ya godoro.

JE, NIDAI?

Jiulize kwanza: nilikuwa nafanya kazi ya nani? Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza: umeumia katika kazi ya mwajiri. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, ukaanza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti kwa ajili ya mfuko huu. Sheria inahusu ajali ya kazini na pia ugonjwa uliotokana na kazi.

Mfuko hutoa matibabu. Mtu asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu, madaktari humpima kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini yake, hulipwa fedha kwa mkupuo mmoja. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni kila mwezi.

Njia ya pili: wewe ni mwanachama wa NSSF, au mtumishi wa umma aliye katika PSSSF. Hapa kuna pensheni ya ulemavu hata kama hukuumia kazini. Lakini masharti yake ni magumu. Lazima uwe umechangia kwa muda uliowekwa, na madaktari wathibitishe kwamba umepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kujipatia kipato. Maumivu peke yake hayatoshi.

Njia ya tatu: wewe ni mkulima na umeumia katika shamba lako. Nasema kweli ingawa inauma: WCF haitakulipa, maana huna mwajiri. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012, uliangalia umaskini wa kaya nzima, wala si mgongo wa mtu mmoja. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Lakini kumbuka, mkopo ni deni. Usiuchukue ukidhani ni fidia.

HOFU ZA MJOMBA

Mjomba alikuwa na hofu tatu. Tulizichambua moja moja.

"Mimi ni kibarua, sina karatasi." Usijifungie mlango mwenyewe. Makubaliano ya kazi yanaweza kuwa ya mdomo. Ikiwa hujui mwajiri ni ghala au ni nyapara aliyekuita, mwulize Afisa Kazi wa mkoa, Mtwara. Hiyo ndiyo kazi yake.

"Sitaitwa tena kazini." Hofu hii ni ya kweli, sikumdharau. Nilimwuliza, "Mjomba, hata wakikuita, gunia utalibeba?" Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Hapana." Basi alichokuwa anakilinda kilikwisha kuondoka. Kilichobaki ni haki yake.

"Nitaitwa kilema." Kudai fidia si kuombaomba. Mwajiri amechangia ili mtu kama yeye asaidiwe. Tena ulemavu unaopimwa na daktari ni hesabu ya kilichopungua mwilini. Haupimi utu wa mtu.

MUDA HAUNGOJI

Mfanyakazi akiumia amjulishe mwajiri mapema. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7. Ajali isipojulishwa ndani ya miezi 12, haki ya kulipwa inapotea. Mjomba alikuwa amebakiwa na miezi mitatu tu.

Basi ukiumia kazini, fanya hivi:

1. Mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi.
2. Andika tarehe, saa, mahali na kazi uliyokuwa ukifanya. Kama hujui kuandika, mwombe mwanao au mwalimu wa kisomo akuandikie.
3. Nenda zahanati, umweleze tabibu namna ulivyoumia. Hakikisha ameandika.
4. Tunza daftari, barua, picha za eksirei na risiti mahali pamoja.
5. Sema kweli. Usipunguze maumivu kwa kujikaza, wala usiyaongeze ili ulipwe zaidi. Kudanganya katika madai ni kosa. Tena humharibia na mwenzako anayedai kwa haki.

Jambo moja zaidi. Picha ya eksirei inaweza kuonyesha mifupa mizima na mtu bado akawa mgonjwa kweli. Usimcheke jirani yako kwa sababu picha yake ni safi. Mweleze daktari kazi zinazokushinda: kuinama, kusimama kwa muda mrefu, kutembea mpaka kisimani.

KUDAI SI KULALA

Wengine hudhani kwamba mtu anayedai fidia lazima alale kitandani ili aaminiwe. Hili ni kosa kubwa. Kulala siku nyingi hudhoofisha misuli inayoushika mgongo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasisitiza mazoezi na mafunzo, wala haupendekezi kutegemea mikanda ya kiuno. Tembea kila siku kadiri uwezavyo. Gawa mzigo mara mbili. Piga magoti badala ya kuinama. Mzigo mkubwa ubebwe na watu wawili, au utumie toroli au baiskeli.

MWISHO

Sikuweza kurekebisha maandishi yangu ya Novemba, maana kuandika tarehe ya nyuma ni uongo. Tulifungua rejesta ya zahanati, tukaikuta siku aliyokuja. Niliandika barua nikieleza: alifika tarehe hiyo, sikumwuliza chanzo, na leo ameeleza haya. Wenzake wawili walitoa maelezo yao. Alimpelekea mwajiri taarifa, kisha akaenda hospitali kupimwa. Madai yake bado yanashughulikiwa, sijui yataishaje. Lakini hakunyamaza.

Nami sasa kila mgonjwa wa mgongo namwuliza: "Umeumia wapi, ukifanya nini, kazi ya nani?" Foleni iwe ndefu au fupi, jibu naliandika.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja dalili mbili za hatari za ugonjwa wa mgongo.
2. Nani anauchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi?
3. Kwa nini mjomba alichelewa kudai? Je, kijijini kwenu kuna watu wenye hofu kama zake?
4. Katika ghala la kijiji chenu magunia hubebwaje? Mnaweza kubadili nini kabla ya msimu ujao?