Kidonda Kisichouma na Kisichopona

Mwezi huu tunaongea juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hapa Iringa hatujauona, lakini unaoweza kuingia katika zahanati yoyote pamoja na mtu aliyetoka safari ya mbali. Kitaalamu unaitwa lishmaniasi ya ngozi.

Unaanza kama kipele usoni, mkononi au mguuni, wiki au miezi kadhaa baada ya mtu kuumwa na mdudu. Kipele kinakua, katikati panachimbika, kingo zinainuka. Ajabu ni kwamba mara nyingi hakiumi. Mgonjwa anapaka mafuta, anameza vidonge, nusu mwaka unapita na kidonda kipo. Wengine hudhaniwa wana ukoma, wakatengwa bure.

Anayeueneza ni nzi wa mchanga. Jina hilo lisitupoteze, kwani hakai ufukweni. Hukaa katika mapango, nyufa za kuta, mashimo ya wanyama na vifusi. Ni mdogo kama theluthi ya mbu, halii sikioni, na huuma tangu jioni hadi alfajiri. Ndugu zetu wa Tukuyu na Mahenge wasimchanganye na usubi wa mitoni aletaye upofu. Huyo ni mwingine kabisa. Nzi huyu hunyonya vijidudu katika damu na ngozi ya mnyama au ya mgonjwa, kisha huvipeleka kwa mtu mwingine. Kula pamoja au kushikana mikono hakuambukizi.

Mfano wa karibu upo Gilgil, Kenya. Huko kuna mapango wanamokaa pimbi, na vijidudu vinaishi ndani ya pimbi hao. Baada ya ghasia za uchaguzi za mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, watu zaidi ya laki tatu walikimbia makazi yao, na baadhi ya familia zilijenga upya karibu na msitu na mapango ya Gilgil. Walikimbia mapanga, wakajikuta jirani na nzi. (Pimbi wanaoota jua juu ya mawe ya hapa kwetu wasiuawe kwa habari hii.)

Vita huusaidia ugonjwa huu kwa njia nyingi. Nyumba zinabomoka, taka zinarundikana, upuliziaji dawa unasimama, watu wanalala nje. Nchini Syria ugonjwa ulikuwapo tangu zamani, hata ukaitwa kwa jina la mji wa Aleppo. Vita vilipoanza mwaka 2011 wakimbizi walivuka na vidonda vyao. Lebanon, iliyozoea kupata wagonjwa wachache tu kwa mwaka, mwaka 2013 iliandikisha zaidi ya 1,000.

Upo pia ndugu wa ugonjwa huu, unaoingia katika wengu na ini, uitwao kala-azar. Huo huua usipotibiwa. Kusini mwa Sudani, kati ya mwaka 1984 na 1994, wakati wa vita, inakadiriwa uliua watu 100,000 katika eneo moja tu la Upper Nile Magharibi. Ule wa ngozi hauui, lakini huacha kovu, na binti mwenye kovu shavuni anajua maana yake.

Kuutambua hakuhitaji mashine kubwa. Mganga hukwangua ukingo wa kidonda na kupima kwa hadubini, kwa rangi ile ile ya kupimia malaria. Vidonda vingine hupona vyenyewe baada ya miezi mingi. Vingine hutibiwa kwa sindano zinazochomwa kidondoni, kwa kugandishwa kwa baridi kali, au kwa joto linalopimwa na chombo maalumu. Vikiwa vingi au vikiwa usoni, mgonjwa huweza kupewa sindano za Pentostam kila siku kwa siku 20 hivi. Dawa hii inaweza kusumbua moyo, hivyo hutolewa hospitali. Kuchoma kidonda nyumbani kwa chuma cha moto au maji ya betri kunaongeza kovu tu.

Kwa hiyo waganga wetu wa zahanati, akija mtu mwenye kidonda cha miezi, mwulizeni amelala wapi mwaka uliopita. Huenda ni mfanyabiashara aliyekwenda Ethiopia, au dada aliyefanya kazi Saudia. Na anayekwenda huko achukue chandarua chenye dawa. Kile kisicho na dawa nzi huyu hupita matunduni.