SOMO LA MWEZI: LESENI, RATIBA NA NAULI ZA MABASI, MAMBO AMBAYO ABIRIA WA MACHOCHWE ANAPASWA KUYAJUA

Ndugu mkazi wa kata, hakuna kaya katika Machochwe isiyotegemea gari la abiria. Mgonjwa aliyepewa rufaa, mwanafunzi arudiye shuleni baada ya likizo, mkulima apelekaye ulezi sokoni Mugumu na mzazi aendaye Musoma kufuatilia hati zake, wote hupanda gari la mtu mwingine na kulipa nauli. Hata hivyo, wengi wetu hulipa kiasi tunachotajiwa mlangoni bila kujua kimetoka wapi. Somo hili linaeleza utaratibu huo ulivyo kisheria, ili kila abiria ajue anacholipia na ajue pa kwenda pale anapodhulumiwa.

Nani anayesimamia usafiri wa abiria

Msimamizi wa usafiri wa abiria wa barabarani Tanzania Bara ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ifahamikayo kwa kifupi kama LATRA. Mamlaka hii iliundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019, ikachukua majukumu ya usafiri wa nchi kavu yaliyokuwa chini ya SUMATRA. Kazi zake ni pamoja na kutoa leseni za usafirishaji, kupanga nauli, kuidhinisha ratiba na kusikiliza malalamiko. Kwa mkoa wetu wa Mara, ofisi ya mamlaka hiyo ipo Musoma.

Ni vema kutofautisha majukumu haya na ya vyombo vingine. Halmashauri husimamia stendi na ushuru wake. Jeshi la Polisi, kupitia kikosi cha usalama barabarani, husimamia mwendo, ubora wa gari na idadi ya abiria. Nauli na leseni ya njia ni mambo ya LATRA. Anayelijua jambo hili hapotezi siku nzima akizunguka ofisi ambazo si zake.

Leseni maana yake nini

Leseni ya usafirishaji haitolewi kwa gari kufanya lipendalo. Huonyesha njia ambayo gari limeruhusiwa kupita, tangu mwanzo hadi mwisho wa safari. Kwa mabasi yaendayo mbali, huambatana na ratiba iliyoidhinishwa. Basi lililopewa njia ya Mugumu hadi Mwanza halina ruhusa ya kuishia Bunda na kuwaambia abiria watafute gari jingine kwa fedha zao. Kitendo hicho huitwa kukatisha njia, nacho ni kosa.

Katika vijiji vyetu yapo pia magari madogo ya binafsi yabebayo abiria bila leseni. Tunayapanda kwa sababu hufika mahali basi lisipofika, na pengine usiku mgonjwa akiwa hoi hakuna jingine. Lakini ni lazima tuijue hatari yake. Bima ya gari la binafsi haikukatwa kwa ajili ya abiria wa kulipia. Ikitokea ajali, kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa fidia, na familia ya majeruhi ikabaki na gharama zote. Abiria wa gari lenye leseni na bima ya kibiashara ana mahali pa kudai. Huyu mwingine hubaki na huruma ya mwenye gari tu.

Nauli hupangwaje

Nauli za mabasi ya mikoani hukokotolewa kwa kila kilometa moja ambayo abiria mmoja anasafirishwa. Mamlaka hupokea maombi ya wasafirishaji, huchambua gharama za mafuta, matairi, vipuri, mishahara na mikopo, kisha huita mikutano ya wadau ambamo wananchi nao wana nafasi ya kutoa maoni yao. Baada ya hapo hutangaza viwango vipya.

Katika viwango vilivyoanza kutumika Desemba 8, 2023, daraja la kawaida lilipanda kutoka shilingi 41.29 hadi shilingi 48.47 kwa kilometa, na daraja la kati kutoka shilingi 56.88 hadi shilingi 67.84. Mabasi ya daraja la juu hayapangiwi nauli. Bei yake huachwa kwa ushindani wa soko.

Viwango hivyo huitwa nauli kikomo. Maana yake ni kwamba msafirishaji anaweza kutoza chini ya hapo akipenda, ila hana ruhusa ya kuzidisha hata kidogo, iwe msimu wa sikukuu, siku ya mnada au siku shule zinapofunguliwa.

Tuchukue mfano. Barabara ya Tarime hadi Mugumu ina urefu wa takriban kilometa 87. Kama njia yote ingekuwa ya lami, nauli kikomo ya daraja la kawaida kwa viwango vya Desemba 2023 ingekuwa kilometa 87 mara shilingi 48.47, yaani shilingi 4,216.89, au takriban shilingi 4,200. Barabara za vumbi hupangiwa kiwango chake, kwa kuwa gari huchakaa upesi na hutumia mafuta mengi zaidi. Hivyo usihukumu kwa hesabu ya lami peke yake. Tazama jedwali la nauli la njia husika, ambalo msafirishaji anapaswa kulibandika mahali abiria wanapoliona.

Hapa ndipo penye mtego wa mara kwa mara. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei hizo zikipanda, baadhi ya makondakta huongeza nauli siku ileile kwa maneno mawili tu: “Mafuta yamepanda.” Bei ya mafuta na nauli ni mambo mawili yenye taratibu mbili. Nauli haibadiliki mpaka mamlaka itangaze kiwango kipya na tarehe ya kuanza kutumika.

Tiketi ndiyo ushahidi wako

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tiketi ndiyo daftari la abiria. Iwe ya karatasi au ya mtandao, inapaswa kuonyesha jina lako, namba ya gari, tarehe, mahali utokako na uendako, pamoja na kiasi ulicholipa. Kagua kiasi hicho kabla ya kuondoka dirishani. Tiketi iliyoandikwa shilingi 15,000 ilhali umelipa 20,000 haitakusaidia kudai ile 5,000. Aidha, usikubali kulipa kwa mpiga debe asiye na kitabu wala mashine.

Abiria wa basi la mkoani ana haki ya kubeba mzigo wake wa hadi kilo 20 bila malipo. Mzigo unaozidi hapo hulipiwa, na malipo yake yaandikiwe stakabadhi. Basi likiharibika njiani na kushindwa kuendelea, msafirishaji ana wajibu wa kuwatafutia abiria usafiri mwingine au kuwarudishia nauli.

Ukidhulumiwa, fanya nini

Kwanza, tunza tiketi na uandike namba ya gari, tarehe, saa na mahali. Pili, peleka lalamiko kwa msafirishaji mwenyewe. Mengi humalizika hapo. Tatu, usiporidhika, wasilisha lalamiko LATRA kwa maandishi au kwa simu. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji Huduma za Usafiri Ardhini, lililoundwa chini ya sheria hiyohiyo ili kutetea watumiaji. Asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani.

Abiria naye ana wajibu wake: kufika kabla ya muda wa kuondoka, kutobeba vitu vya hatari kama petroli, kufunga mkanda, na kutokubali kupanda gari lililojaa kisha kulalamika njiani.

Maswali ya kujipima

1. Basi la daraja la kawaida linapita kilometa 120 za lami. Kwa viwango vya Desemba 2023, nauli kikomo ni kiasi gani? (Jibu: takriban shilingi 5,816.)
2. Kondakta anaongeza nauli kwa kuwa bei ya dizeli imepanda jana. Je, ana haki? (Jibu: hana, mpaka LATRA itangaze kiwango kipya.)
3. Ni mambo gani matatu utakayokagua kwenye tiketi kabla ya kupanda?

Tunashauri somo hili lisomwe katika mikutano ya vitongoji, hasa kwa wazee na kwa wale wasiosafiri mara kwa mara, kwa kuwa hao ndio watozwao zaidi.