Mtoto Akibadilika Ghafla, Usikimbilie Fimbo

Mada ya leo ni nzito, lakini tukiinyamazia sisi wazazi, anayefaidika ni yule anayewaumiza watoto.

Nilipokuwa nesi kijana Tanzania, tulikuwa tukiletewa wodini mtoto wa kike wa miaka saba, kila mara anaumwa tumbo. Tulimpima malaria, choo na mkojo, tukampa dawa za minyoo. Hakuna aliyemwuliza nyumbani analala na nani. Baadaye ikajulikana kwamba mjomba aliyeishi nao alikuwa akimwingilia. Mpaka leo najiuliza, tungeuliza mapema ingekuwaje?

Unyanyasaji wa kingono ni nini?

Si kubaka na kulawiti tu. Kumshikashika mtoto sehemu za siri, kumlazimisha amshike mtu mzima, kumwonyesha picha za ngono au kumwomba picha za uchi kwa simu, vyote vimo. Wavulana nao hufanyiwa. Hapa Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2003, mtoto wa chini ya miaka 13 hawezi kuhesabiwa kuwa ameridhia. "Alikubali mwenyewe" si utetezi.

Mara nyingi mhusika ni mtu ambaye mtoto anamfahamu: ndugu, mpangaji, rafiki wa familia, hata mtoto mkubwa. Huanza taratibu kwa zawadi na siri ndogo ndogo. Sisi huku tunabeba boksi usiku, watoto tunamwachia "anko" tuliyefahamiana naye juzi. Simlaumu mtu, nami nimefanya zamu hizo.

Dalili za kuangalia

- Kuanza tena kukojoa kitandani, au kuota ndoto za kutisha.
- Kumwogopa mtu fulani, au kukataa kubaki naye.
- Maneno au michezo ya ngono isiyolingana na umri wake.
- Maumivu, damu au uchafu sehemu za siri. Maumivu ya tumbo yasiyo na sababu.
- Zawadi au pesa asizotaka kueleza zimetoka wapi.
- Kujitenga, hasira, kushuka masomo, kujiumiza.

Dalili moja si ushahidi. Kuhamia nchi mpya au ugomvi wa wazazi pia humbadilisha mtoto. Na mara nyingi daktari akimpima haoni alama yoyote. Hiyo haina maana kwamba mtoto amedanganya.

Akikuambia

1. Tulia, msikilize. Mwambie: "Nakuamini. Si kosa lako. Umefanya vizuri kuniambia."
2. Usimhoji kama polisi, wala usimwahidi kutunza siri.
3. Usimkabili mtuhumiwa, na usimwache tena na mtoto.
4. Kama ni tukio la karibuni, usimwogeshe wala usifue nguo zake.
5. Piga 999 kama kuna hatari. Kwa ushauri piga NSPCC, 0808 800 5000. Si lazima utaje jina lako. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga Childline bure, 0800 1111.
6. Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani. Usimtumie ndugu.

Najua kuna wanaosema, "Tuyamalize kifamilia, tusijiaibishe." Wengine wanaogopa ustawi wa jamii. Wazazi wenzangu, kikao cha wazee na faini havimponyi mtoto, na aliyefichwa leo kesho atahamia kwa mtoto mwingine. Aibu ni ya aliyetenda.

Kinga inaanza nyumbani. Mfundishe mtoto majina halisi ya viungo vyake, na kwamba hakuna siri ya mwili asiyoweza kukuambia. Heshima ibaki, lakini shikamoo haihitaji kupakatwa. Mtoto asipotaka kukumbatiwa, asilazimishwe.

Usiku wa leo kaa naye kitandani dakika kumi, umwulize siku yake ilikuwaje. Kisha nyamaza, umsikilize.

Nawatakia afya njema.