Kabla ya Kumwita Fundi wa Mtandao: Maswali Kuhusu Ping na Nmap

Ping ni nini? Inalipiwa?

Hailipiwi, na huna haja ya kuipakua. Tayari imo ndani ya kompyuta yako, iwe ya Windows, Linux au Mac. Iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani. Inatuma ujumbe mfupi kwa kifaa kingine, kifaa kinaurudisha, nayo inapima muda wa kwenda na kurudi. Basi.

Nianzie wapi?

Anza karibu ndipo uende mbali. Wengi huanza na tovuti ya ng'ambo. Ikigoma, wanaipigia kampuni ya intaneti kwa hasira, kumbe waya umechomoka chini ya meza.

Kwenye Windows fungua cmd, andika ipconfig, bonyeza Enter. Namba iliyo kwenye mstari wa Default Gateway ndiyo anwani ya rauta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa andika ping, acha nafasi, weka namba hiyo. Zitatumwa pakiti nne. Zikirudi zote, njia ya kutoka kwako hadi kwenye rauta ni nzima. Zisiporudi, kagua kebo, swichi na umeme wa rauta kabla ya kumlaumu mtu.

Rauta ikijibu, pima 8.8.8.8, ambayo ni ya Google. Hiyo nayo ikijibu lakini tovuti hazifunguki, mshukiwa wa kwanza ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Milisekunde ngapi ni nzuri?

Rauta ya ofisini iliyounganishwa kwa waya hujibu ndani ya milisekunde moja au mbili. Kwa Wi-Fi huongezeka kidogo. Zikiruka kutoka 3 hadi 400 kisha zikashuka tena, sogea karibu na rauta upime upya.

Kwa seva za mbali, umbali haukwepeki. Kabla nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS hazijafika pwani yetu mwaka 2009, intaneti nyingi ya Afrika Mashariki ilipita kwenye setilaiti zilizo zaidi ya kilomita 35,000 angani. Kwenda na kurudi tu kulimeza karibu nusu sekunde, na hapakuwa na kifurushi cha kuponya hilo, hata kiwe ghali vipi.

Kifaa kisipojibu kimekufa?

Hapana. Maneno "Request timed out" yana maana kwamba jibu halikufika, hayasemi kwa nini. Kompyuta nyingi za Windows zina faiwoli inayozinyamazisha mbele ya ping, huku mwenyewe ameketi hapo anachapa barua.

Hapo ndipo Nmap inapofaa. Gordon Lyon aliitoa mwaka 1997, na hadi leo unaipakua bure. Ukiiendesha kwa haki za msimamizi, andika nmap -sn 192.168.1.0/24. Itapita anwani zote 256 za mtandao huo na kukuorodheshea zilizo hai. Ndani ya mtandao mmoja inauliza kwa ARP, utaratibu ambao vifaa hutumia kutafutana, kwa hiyo hata kompyuta iliyonyamazia ping kwa kawaida hujitokeza.

Ukiondoa -sn na kuweka anwani ya kifaa kimoja, inakagua milango (ports) 1,000 inayotumika zaidi, yaani namba ambazo huduma za kifaa hupokelea mawasiliano. Angalia hasa kamera za ulinzi. Ukikuta mlango 23, wa Telnet, huduma ya kukiendesha kifaa kutoka mbali, uko wazi, ufunge siku hiyo hiyo na ubadilishe nywila iliyotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na rauta nyingi duniani kwa kupitia Telnet na nywila za kiwandani ambazo hakuna aliyejisumbua kuzibadilisha.

Je, ni halali?

Kwa vifaa vyako mwenyewe, ndiyo. Mtandao wa hoteli, wa jirani au wa mwajiri si wako, hata kama umepewa nywila ya Wi-Fi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina sheria yake ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya 2018. Zote zinakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini. "Nilikuwa najaribu tu" si utetezi wa kutegemea mbele ya hakimu. Kama ni kazi ya mteja, omba ruhusa ya maandishi inayotaja anwani utakazopima na tarehe, kisha uitunze nakala yake.