Hesabu ya Chakula cha Mwezi Huanzia Ghalani

Misikhu ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Bungoma, kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale. Wenyeji wake wengi ni wakulima wa mahindi na miwa; wengine ni walimu, wenye maduka na waendeshaji wa bodaboda. Kwa mwenye mshahara, mwezi una mwanzo na mwisho: fedha huja kwa tarehe ijulikanayo, na matumizi hufuata. Lakini mkulima hupata fedha kwa mkupuo, mara moja au mbili kwa mwaka, ilhali chumvi, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni vyatakiwa kila juma. Kwa hiyo lile shauri la kila siku, kwamba mtu augawe mshahara wake wa mwezi katika mafungu, halimfai sana. Nyumba ya mkulima yapasa kuanza hesabu yake mahali pengine, nayo ni ghalani.

Sababu yake ni hii. Katika sehemu hizo mahindi huvunwa zaidi katika miezi ya Septemba na Oktoba. Wakati huo kila mtu ana mahindi, wanunuzi huja na malori yao, na bei huwa chini. Kuanzia Mei hadi Julai maghala mengi huwa matupu, mahindi mapya yangali shambani, na bei hupanda. Aliyeuza Oktoba huenda sokoni mwezi wa Juni na kununua mahindi ya namna ile ile aliyoyauza, pengine kutoka gunia lile lile.

Na tufanye hesabu ya mfano. Nyumba moja imeuza magunia 4 ya kilo 90 wakati wa mavuno kwa shilingi 3,000 kila gunia, ikapata shilingi 12,000. Mwezi wa Juni bei imefika shilingi 4,200, na nyumba hiyo yahitaji magunia 3 ya kula mpaka mavuno. Itatoa shilingi 12,600. Yaani fedha za magunia 4 hazikutosha kununua magunia 3. Tena hiyo ni bei ya gunia zima. Mwenye fedha kidogo hununua kwa gorogoro, lile kopo la kilo 2 hivi, na mwenye kununua kidogo kidogo hulipa zaidi.

Wako watu wa mjini wasemao kwamba mkulima afanyaye hivi hana akili. Hawasemi kweli. Mkulima wa Misikhu ajua vizuri sana kwamba bei itapanda. Alilijua jambo hilo tangu utoto wake. Anauza kwa sababu ana deni la dukani, mtoto ni mgonjwa, na karo ya shule yangojewa mwezi wa Januari. Shida yake si ujinga, ni kukosa fedha kwa wakati wake.

Jambo hili lilipimwa katika nchi hiyo hiyo. Katika msimu wa mwaka 2012 na ule wa 2013, wataalamu watatu wa uchumi, Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel, walifanya uchunguzi pamoja na shirika la One Acre Fund, lililoanza kazi yake Bungoma mwaka 2006. Wakulima wa sehemu za Webuye na Matete walipewa mkopo baada ya mavuno, na magunia ya mahindi waliyoyaweka nyumbani mwao yakawa dhamana. Hivyo walilipa mahitaji yao bila kuyauza mahindi upesi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: faida iliyopatikana kwa mkopo huo ilikuwa asilimia 29. Waliopewa mkopo mwezi wa Oktoba walifaidika kuliko waliopewa Januari, ingawa Januari ndio mwezi wa karo. Tena, mahali ambapo watu wengi walipata mikopo na kuweka mahindi, tofauti kati ya bei ya mavuno na bei ya njaa ilipungua, hata jirani asiyekopa alipata nafuu sokoni.

Si kila mtu atapata mkopo wa namna hiyo. Lakini hata bila mkopo yako mambo ambayo baba na mama wa nyumba waweza kuyafanya, na yafaa wayafanye wakiwa pamoja, maana ghala likihesabiwa na mmoja na kuuzwa na mwingine, hesabu haina maana.

Kwanza wajue nyumba hula kiasi gani. Nyumba ya watu sita itumiayo gorogoro moja kwa siku, kwa ugali na uji, hula kilo 60 kwa mwezi, na kwa mwaka kilo 730, yaani magunia 8 na zaidi kidogo. Magunia hayo si mali ya kuuza. Ni mshahara wa nyumba uliokwisha kulipwa kwa mahindi badala ya fedha. Yatengwe siku ile ile ya kupukuchua, kabla mnunuzi hajafika na mizani yake, na kila gunia liandikwe miezi yake kwa makaa au kwa rangi. Yanayozidi ndiyo ya kuuza. Na kama mavuno yote hayakufika magunia 8, ni heri kujua hivyo Oktoba kuliko kugundua Mei.

Lakini haifai kuweka mahindi ili yaliwe na wadudu. Fungu zuri la hofu inayowafanya watu wauze mapema latokana na fukusi na dumuzi, ambao huweza kugeuza gunia kuwa unga usiofaa. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Kuyajaribu ni rahisi: chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi kiasi cha theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa vizuri, kisha uache kwa dakika 15. Chumvi ikinata ubavuni mwa chupa, mahindi yangali na maji, nayo yarudishwe juani. Mahindi mabichi yakifungiwa huota ukungu wenye sumu ijulikanayo kama sumu kuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika sehemu za mashariki mwa Kenya, wengi wao Ukambani. Yakikauka sawasawa, yaweza kutiwa katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu waliomo hufa kwa kukosa hewa, bila dawa yoyote. Mfuko huo usifunguliwe funguliwe, na uwekwe mbali na ukuta, maana panya akiutoboa hauna kazi tena.

Ghala likiwa salama, mahitaji ya dukani yaliyobaki huwa machache, nayo ndiyo yahesabiwe kwa mwezi. Chumvi, viberiti na majani ya chai havimfilisi mtu. Sukari ndiye mwizi mwenye uso mtamu. Nyumba inunuayo robo kilo kila siku humaliza kilo 7 na nusu kwa mwezi, na kwa kuwa hulipa kidogo kidogo, hakuna aonaye jumla yake. Mama mmoja na mwingine katika sehemu hizo hununua sukari ya mwezi kwa pamoja, wakaipima kwa kopo la juma zima. Kopo likiisha Ijumaa, chai ya Jumamosi hunywewa bila sukari. Watoto hununa mara ya kwanza, kisha huzoea. Mafuta ya kupikia na sabuni ya mche vyafuata kanuni hiyo hiyo. Mboga hazihitaji fungu kubwa pahali ambapo kunde, murenda na saga huota nyuma ya jiko.

Fedha za vitu hivi zitoke katika mapato madogo ya kila juma: mayai, maziwa, ndizi, kuku mmoja. Zisitoke ghalani. Wanawake walio katika chama cha kuchangiana waweza kuomba zamu yao iangukie Januari, ili karo isilifungue gunia. Deni la dukani liandikwe katika daftari mbili, moja ya mwenye duka na moja ya nyumbani. Mkopo wa simu huja kwa dakika moja, lakini mwenye kukopa kwa M-Shwari hulipa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Akishindwa kulipa, ada hiyo huongezwa tena. Kununua sukari kwa mkopo wa namna hiyo ni kuifanya sukari iwe ghali zaidi.

Kwa mwalimu au mfanyakazi wa mjini asiye na shamba, njia ni hiyo hiyo kwa upande wa pili. Yeye anunue gunia moja moja kila mwezi kuanzia Oktoba hadi Januari, wakati bei iko chini, badala ya kununua unga wa pakiti mwaka mzima. Gharama ya kinu cha posho ni ndogo ukiilinganisha.

Ghala lihesabiwe tena mwanzoni mwa Machi, kabla ya fedha kwenda katika mbegu na mbolea. Kutoka siku hiyo hadi mwisho wa Agosti ni siku 184, nazo kwa nyumba ya gorogoro moja zataka kilo 368, yaani magunia 4 na kidogo juu yake. Yakionekana matatu tu, gunia la nne linunuliwe juma lile lile la Machi, lisingojewe mpaka Juni.