Usinunue Betri Kabla ya Kupima: Maswali ya Umeme wa Sola Maparoni na Delta ya Rufiji

Juu ya Mto Rufiji lipo Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Maji hayo hayo yakishafika chini na kugawanyika katikati ya mikoko, nyumba nyingi za Maparoni na visiwa jirani huwasha taa kwa paneli moja au mbili juu ya paa, betri pembeni ya chumba na inveta ukutani. Boti nyingi za uvuvi nazo zina mfumo wa namna hiyo, na Ulaya na Marekani ndio unaowasha taa kwenye magari yale yenye vitanda na jiko ndani. Kwa hiyo hitilafu zake zinajulikana vizuri, na nyingi zinatengenezeka bila kununua kitu kikubwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu taa ikififia, mtu husema betri imekufa. Inatafutwa nyingine Kibiti au Mbagala, inafika Nyamisati, inapakiwa kwenye boti, na baada ya wiki chache taa inafifia tena. Fedha ya kamba au ya mpunga imekwenda, na ugonjwa uko pale pale. Mita ndogo ya kupimia umeme ni rahisi mno ukilinganisha na betri, na moja inatosha majirani wengi.

Nianzie wapi taa zikififia au inveta ikilia?

Anzia kwenye betri, alfajiri, kabla jua halijaanza kuchaji, na vitu vyote vikiwa vimezimwa. Geuza mita kwenye alama ya V yenye mstari ulionyooka. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 11.8 ni tupu.

Kisha mwambie mtu awashe televisheni huku wewe unaangalia mita. Ikiwa ilisoma 12.6 na sasa imeporomoka chini ya 11, usiihukumu bado. Gusisha ncha za mita kwenye risasi ya vichwa vyenyewe vya betri, halafu kwenye vibanio vilivyoshika waya. Kama vichwa vinasoma 12.3 na vibanio vinasoma 10.8, betri ni nzima na umeme unapotelea kwenye kiungo. Kama vichwa vyenyewe ndivyo vilivyoporomoka, hapo kweli betri imechoka.

Kipimo hicho kinachukua dakika mbili. Ningependa kila anayeuza betri pwani amwonyeshe mteja kwanza.

Kwa nini viungo vinaharibika haraka huku kwetu?

Ni chumvi. Upepo wa bahari unaileta, unyevu wa mikoko unaishikilia, na shaba inaota unga wa kijani. Mbaya zaidi ni kile usichokiona. Menya ganda la waya uliokaa miaka michache karibu na maji, utakuta nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi ndani kwa ndani, japo nje waya unang'aa. Waya wa hivyo kata mpaka ufike kwenye shaba nyekundu, la sivyo badilisha.

Kusafisha vichwa vya betri kuna utaratibu wake. Zima matumizi yote, chomoa paneli kwenye kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji kati ya paneli na betri), kisha fungua waya wa hasi wa betri, halafu wa chanya. Koroga magadi soda kwenye maji, sugua unga wa kijani kwa mswaki wa zamani, na uangalie mchanganyiko usiingie ndani ya betri kupitia vizibo. Kausha, piga msasa mwepesi, rudisha chanya kisha hasi, kaza kwa spana, na upake vaselini au grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa. Paneli irudi mwisho, kwa sababu kontrola nyingi zinatakiwa zikutane na betri kabla ya paneli, na nyingine huungua zikipewa jua bila betri.

Kiungo cha kusokota kwa vidole na kufunga kwa kipande cha nailoni hakifai hata kwa siku moja. Tumia viunganishi vya skrubu au piga risasi ya kuchomelea.

Jua ni kali lakini betri haijai. Tatizo ni paneli?

Mara nyingi ni kivuli au uchafu. Seli ndogo ndani ya paneli zimeunganishwa moja baada ya nyingine, hivyo kuti moja la mnazi likiziba kona linaweza kupunguza umeme mwingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Moshi wa jikoni, kinyesi cha ndege na ukungu wa chumvi nao hupunguza. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kitambaa laini, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Tupo kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 8, kwa hiyo paneli itazame kaskazini ikiwa imeinama kidogo, nyuzi 10 hadi 15. Ikilala bapa kabisa, maji ya mvua yanatuama na kuacha tope.

Kuijaribu, itenge na kontrola na uipime kwenye jua la mchana. Paneli nyingi za mfumo wa volti 12 husoma kati ya 20 na 22 zikiwa hazijaunganishwa na kitu. Kama inasoma hivyo, rudi kwenye waya na kontrola. Kwenye vichwa vya betri inayochajiwa saa sita unatakiwa uone 13.8 hadi 14.4. Wakati wa masika, mawingu mazito yanaweza kushusha umeme hadi chini ya robo. Hapo hakuna kilichoharibika, ni kupunguza saa za televisheni.

Inveta inazima ingawa betri imejaa

Pima urefu wa waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 wenye urefu wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, ukipitisha ampea 10, hupoteza kama volti 1.5 njiani. Betri iliyojaa ikibeba mzigo inaweza kusoma 12.2, inveta ikapata 10.7, na nyingi huanza kulia au kukata karibu na hapo. Na inveta ikibeba wati 300 inavuta ampea 25 au zaidi kutoka kwenye betri. Iweke karibu na betri kwa waya mnene na mfupi, halafu urefu wote uwe upande wa volti 230, uliofungwa na fundi anayejua kazi. Umeme wa inveta unaua sawasawa na wa TANESCO.

Naweza kuongeza maji ya kisima kwenye betri?

Hapana. Visima vingi vya delta vina chumvi, na chumvi inaharibu sahani za ndani. Tumia maji ya betri yanayouzwa kwa kazi hiyo, mpaka yafunike sahani, na usiongeze asidi. Betri zilizozibwa usizifungue kabisa. Betri ya gari iliundwa kuwasha injini kwa nguvu ya mara moja; ikikamuliwa kila usiku hufa mapema hata ikitunzwa. Na betri yoyote ya asidi ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa haitarudi kama ilivyokuwa.

Wenye betri za lithiamu wasitumie vipimo vya hapo juu. Hizo husoma 13.2 au 13.3 zikiwa zimetulia na bado zina chaji ya kutosha, na zina kinga ya ndani inayoweza kukata mpaka mita isome karibu sifuri. Kontrola lazima iwe imewekwa kwa aina hiyo.

Moto

Nyumba ya makuti na miti ya mikoko haingoji. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, yenye ukubwa usiozidi uwezo wa waya. Ikikatika, tafuta shoti. Kuweka kipande cha waya badala yake ni kuufanya waya wenyewe uwe fyuzi, ndani ya makuti. Betri ya asidi ikichaji hutoa gesi inayolipuka, hivyo isikae chini ya kitanda wala karibu na kibatari, na spana isiguse vichwa vyote viwili kwa pamoja.

Kwenye boti?

Betri ya kuwashia injini isitumike kwa taa za kuvulia dagaa usiku kucha. Weka ya pili, ndani ya ndoo au sanduku lililofungwa imara lisipinduke, lenye matundu juu ya kupumulia, mbali na tangi la petroli. Iwepo pia swichi ya kukata umeme wote boti ikitia nanga. Ukipata waya wa shaba iliyopakwa bati, nunua huo, unavumilia chumvi.

Betri iliyokufa kweli nifanye nini nayo?

Iuze nzima kwa wanunuzi wa betri chakavu, ikiwa na maji yake ndani, imesimama wima kwenye boti. Asidi isimwagwe kijitoni wala kwenye mikoko, ambako kaa na kamba wanakulia. Na wavuvi, nawasihi msiyeyushe risasi yake jikoni kutengeneza chubwi. Inayeyuka kwa nyuzijoto 327 tu, moto wa kuni unatosha, lakini moshi na vumbi lake huingia mwilini na kudhuru ubongo wa watoto wanaocheza hapo uani, hata kwa kiasi kidogo sana. Kama mtoto alikuwepo wakati risasi inayeyushwa, mpelekeni zahanati na mweleze mhudumu kilichochomwa.